Aliamua Lini? Wahusika wa Filamu na Maamuzi Magumu

Hii ni hotuba nzima, kwa wale ambao hawakuweza kufika. Vipande vya filamu vilivyooneshwa ukumbini havimo. Nimesimulia tu kinachotokea.

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wazazi, na ninyi vijana mliowahi viti vya nyuma kama kawaida yenu, asanteni kwa kuja. Huko nyuma mnanisikia? Haya, twende.

Nimeombwa niseme juu ya maadili na filamu. Najua mada hii inavyopokewa. Nusu ya ukumbi inajiandaa kuambiwa kwamba filamu zinaharibu watoto, na nusu nyingine inatafuta mlango uko wapi. Tulieni. Sikuja kuzihukumu filamu. Nimekuja kuwaonyesha watu wanne au watano ambao hawajawahi kuishi, ila wameamua mambo mazito mbele ya macho yetu, na tunaweza kuwarudisha nyuma, tukawasimamisha, tukawatazama tena usoni. Jirani yako huwezi kumfanyia hivyo.

Mwaka 1967 mwanafalsafa wa Uingereza, Philippa Foot, aliandika juu ya dereva wa tramu, lile gari la reli la mjini, inayokwenda bila kuweza kusimama. Mbele yake, kwenye reli, wapo watu watano. Akiikatisha kwenda reli nyingine, atamuua mmoja. Afanye nini? Swali hilo limezunguka vyuo vyote vya dunia, na bila shaka wengine mmeshabishana juu yake hadi usiku wa manane. Ni swali zuri. Lakini yule dereva, mmemtazama? Hana jana. Hatujui kama juzi aliambiwa kwamba tramu ni mbovu akanyamaza. Hatujui kama amechoka, kama anamfahamu mmoja wa wale watano, kama ana watoto. Amezaliwa sekunde ile ile tramu ilipoanza kukimbia, na anatakiwa aamue.

Nani kati yetu amewahi kuamua jambo namna hiyo?

Mhusika wa filamu nzuri ana jana. Ndiyo maana mimi namwona ni mwalimu bora kuliko dereva wa tramu. Na ndiyo maana nawaomba leo tuliweke pembeni lile swali tunaloulizana tukitoka kuangalia filamu, "alifanya vyema au alikosea?" Linakuja limechelewa. Tuulize lingine kwanza: aliamua lini?

Tuanze Roma, baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Filamu ni Ladri di biciclette, yaani Wezi wa Baiskeli, ya Vittorio De Sica, mwaka 1948. Antonio Ricci hana kazi. Siku moja jina lake linaitwa: ipo kazi ya kubandika mabango, lakini sharti uwe na baiskeli. Yake iko rehani. Mkewe Maria anayavua mashuka kitandani, anayapeleka rehani mahali pa baiskeli. Kisha kamera inamfuata mfanyakazi wa duka la rehani akiparamia rafu na lile furushi, anapanda, anapanda, na rafu zote hadi juu zimejaa mashuka ya watu wengine. Hakuna aliyesema neno "umaskini". Hakuna haja.

Siku ya kwanza kazini, baiskeli inaibiwa. Jumapili nzima Antonio na mwanawe mdogo, Bruno, wanazunguka mji kuitafuta. Hawaipati. Jioni wamekaa ukingoni mwa barabara karibu na uwanja wa mpira. Nje ya uwanja baiskeli zimepangwa safu kwa safu. Na kule kwenye uchochoro, mlangoni, imeegemezwa moja, peke yake, haina mtu.

Sasa niambieni. Antonio anaamua lini kuiba?

Nasikia mtu anasema, anapoishika. Hapana. Rudini nyuma kidogo. Anatoa hela mfukoni, anampa Bruno, anamwambia apande tramu akamsubiri mbele. Hapo! Hapo ndipo alipoamua. Baba anayemwondoa mwanawe ili asione, huyo ameshaiba. Imebaki mikono tu.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Filamu hii inawabishia wahenga, na mimi niko upande wake. Antonio ana miiko, anayo tele, vinginevyo angemwacha mtoto akae pale pale. Ule mwiko wake ndio unaomfanya atafute hela ya nauli. Kwa hiyo ukitaka kujua mtu amefika kwenye jambo baya, usingoje umwone akilitenda. Tazama anaanza kumwondoa nani chumbani.

Bruno anaikosa tramu. Anaona yote: baba yake anakimbizwa, anakamatwa, anasukumwa na kupigwa makofi, kofia inaanguka. Mtoto anaiokota kofia, anaipangusa, analia. Na mwenye baiskeli anamtazama yule mtoto, kisha anasema basi, mwacheni aende. Mtu huyu tunamwona kwa dakika chache tu, jina lake silijui, na kwangu ndiye mhusika mwenye uamuzi safi kuliko wote wa filamu ile. Yeye aliamua papo kwa papo, kwa kutazama. Nalisema hili mapema msije mkadhani nimekuja kudai kwamba kila uamuzi una mizizi ya miaka kumi.

Nipitie pembeni kidogo. Hollywood ilikuwa na kanuni yake ya maadili, iliyosimamiwa kwa ukali kuanzia 1934 hadi ilipoachwa 1968. Kanuni ile haikutaka uhalifu uonyeshwe kwa namna ya kuwafanya watazamaji wauonee huruma. Wezi wa Baiskeli ilipofika Marekani, wasimamizi wa kanuni waliinyima kibali. Mnadhani walikerwa na wizi? Walitaka ikatwe sehemu ambayo Bruno anataka kukojoa ukutani, na ile ambayo Antonio anamfuata mshukiwa hadi danguroni. De Sica akakataa kukata. Baba anaharibikiwa mbele ya mwanawe, na wenye dhamana ya maadili wanahangaika na mkojo! Ndivyo inavyokuwa maadili yakigeuzwa orodha ya vitu visivyoonyeshwa.

Tuingie chumba cha pili. Nasema chumba kwa sababu karibu filamu nzima imo ndani ya chumba kimoja: 12 Angry Men ya Sidney Lumet, 1957. Watu 12 wa juri, yaani raia wa kawaida walioitwa kuamua kama mshtakiwa ana hatia, nao wanaitwa kwa namba. Ni siku ya joto la kuchemsha ubongo. Kijana ameshtakiwa kumuua baba yake kwa kisu. Akipatikana na hatia, adhabu ni kifo, na lazima wote 12 wakubaliane. Kura ya kwanza: 11 wanasema ana hatia. Mmoja, namba 8, anasema hajui.

Kwetu mtu huyu angeshaambiwa: wengi wape! Na tunaupenda msemo huo, si ndiyo? Unamaliza vikao haraka.

Filamu hii husimuliwa kama hadithi ya shujaa mmoja aliyesimama peke yake akashinda. Mimi nataka muitazame vizuri zaidi, maana yule shujaa si malaika. Kuna mahali wanabishana juu ya kisu cha muuaji. Wanasema ni cha aina ya pekee, haiwezekani kiwepo kingine. Namba 8 anaingiza mkono mfukoni, anatoa kisu kinachofanana nacho kabisa, anakichomeka mezani. Sisi watazamaji tunashangilia. Lakini alikipata wapi? Alikwenda usiku, akatembea mtaani kwa mshtakiwa, akakinunua. Sheria inakataza kuuza na kununua visu hivyo, na mwenyewe anakiri ameivunja. Tena mjumbe wa juri hatakiwi kwenda kufanya upelelezi wake. Anatakiwa apime yale aliyoyasikia mahakamani. Angekuwa ni yule anayemwonea kijana ndiye aliyetoka usiku kutafuta ushahidi wa kumkandamiza, tungesemaje? Tungepiga kelele. Mnaona? Tumempa ruhusa kwa sababu tunampenda. Nimelijadili jambo hili na watu wengi na sijapata jibu linaloniridhisha, nami silifichi.

Halafu kuna kile anachokifanya akiwa amebanwa. Anasema pigeni kura ya siri, mimi sitapiga. Kama wote 11 bado mnasema ana hatia, nitaungana nanyi, yaishe. Hebu fikirini. Huyu anayesifiwa kwa msimamo alikuwa tayari kuuachia! Anayeuokoa uhai wa kijana saa ile ni mzee, namba 9, ambaye peke yake anaandika kwamba hana hatia. Akiulizwa sababu, hasemi ameshawishika. Anasema tu kwamba si rahisi mtu kusimama peke yake mbele ya wenzake, kwa hiyo ameamua kumpa nafasi ya kusikilizwa. Kwangu mimi huyo mzee ni somo kubwa kuliko namba 8. Wachache wetu tutakuwa wa kwanza kusema hapana. Lakini wa pili? Wa pili tunaweza kuwa kesho asubuhi, kwenye kikao chochote.

Na mwisho, namba 7. Mfukoni ana tiketi za besiboli ya jioni ile. Kura zinapoanza kugeuka, naye anageuka: hana hatia, twendeni zetu. Kura yake sasa iko upande "mzuri". Namba 11, fundi saa, mtu aliyehamia nchi ile, anamgeukia kwa hasira. Anamtaka aseme sababu. Kama unaamini hana hatia, mwachie kwa kuwa unaamini, si kwa kuwa umechoka. Namba 7 anababaika. Aliamua lini huyu? Kabla hajaketi. Aliamua alipotia tiketi mfukoni, na tangu hapo alikuwa anasubiri tu kuona upande gani utamtoa mapema. Filamu haituambii hata mara moja kama kijana aliua au hakuua. Namba 7 huenda amepiga kura iliyo sahihi. Je, tumsifu?

Vijana wa nyuma, mmenyamaza. Vizuri. Maana sasa naingia kwenye filamu ninayoipenda kuliko zote hizi.

Hyènes, yaani Fisi, ya Djibril Diop Mambéty wa Senegali, mwaka 1992. Mambéty aliichukua tamthilia ya Mswisi, Friedrich Dürrenmatt, akaipeleka Colobane, mji ulioishiwa kila kitu. Anarudi mwanamke aliyefukuzwa pale akiwa msichana: Linguère Ramatou. Sasa ni tajiri. Wenyeji wanasema kuliko Benki ya Dunia. Mji mzima unatoka kumpokea kwa ngoma. Aliyetangulizwa mbele kumlainisha ni Dramaan Drameh, mwenye duka, mtu anayependwa na wote, ambaye zamani alikuwa mpenzi wake. Wanataka kumfanya meya.

Ramatou anasema nitawapeni mali isiyo na kifani. Kwa sharti moja. Zamani Dramaan alinipa mimba, akaikana, akawahonga watu wawili waje kushuhudia mahakamani kwamba nimelala nao. Nikafukuzwa. Nataka auawe.

Meya anasimama, anakataa. Anakataa kwa maneno mazito, ya heshima, ya utu. Watu wanafurahi. Ungekuwa umeketi pale ungesema: mji huu una maadili. Ramatou habishi. Anasema tu kwamba atangoja.

Na hapa, ndugu zangu, ndipo Mambéty anapofanya jambo ambalo hakuna kitabu cha falsafa nilichokisoma kinalifanya vizuri hivyo. Hatuonyeshi mkutano wa siri. Hatuonyeshi mtu akinong'ona "tumuueni". Anatuonyesha dukani. Watu wanakuja kwa Dramaan kununua. Wanachukua vitu vizuri kuliko kawaida yao. Hela? Andika, tutalipa. Huyu, andika. Yule, andika. Dramaan anaandika, kwa kuwa ni watu wake. Kisha anatazama miguuni mwao. Viatu vipya. Buti za manjano. Mteja huyu, buti za manjano. Mteja yule, buti za manjano.

Watalipa kwa hela gani? Hakuna anayemuuliza. Hakuna anayehitaji kumuuliza, na wao wenyewe hakuna anayejiuliza. Mji hauna kazi, hauna mvua, hauna biashara. Hela ya kulipia buti zile ipo mahali pamoja tu duniani, na bei yake inajulikana. Tunajua ule usemi: kukopa harusi, kulipa matanga. Mara nyingi tunautumia kwa fedha. Colobane wanaulipa kama ulivyo, kwa maiti.

Mtu aliyevaa zile buti ukimuuliza kama amekubali Dramaan auawe, atakukasirikia. Atakukumbusha maneno ya meya. Na hadanganyi! Mdomo wake ulikataa. Miguu yake ilikubali. Kufika siku ya kikao cha hukumu, wazee wote wamekusanyika, hotuba zinatolewa juu ya haki, tena wanaiita haki, hakuna kilichobaki cha kuamua. Watu wanamzunguka Dramaan. Wakitawanyika, pale chini limebaki koti.

Nani aliua? Nani, jamani? Yule wa buti za kwanza au za mwisho?

Mkitoka hapa na jambo moja tu, chukueni hili la miguu. Sisemi watu wa Colobane walikuwa wabaya tangu awali. Dramaan mwenyewe alimtenda Ramatou unyama, na Ramatou anachotaka si haki bali ununuzi. Nasema uamuzi wao ulikuwa na saa yake, na saa hiyo haikuwa ile waliyoitangaza. Ilikuwa saa ya kusema "andika".

La mwisho nitalipitia kwa haraka, maana mwenyekiti ananionyesha vidole. A Separation ya Asghar Farhadi, Tehran, 2011. Iliipatia Irani Oscar mwaka 2012. Mkewe akiondoka nyumbani, Nader anabaki na baba yake mzee aliyepotewa na kumbukumbu, na binti yake, Termeh. Anaajiri mama mmoja, Razieh, amtunze mzee. Siku moja anarudi, anamkuta mzee ameanguka, amefungwa mkono kitandani, Razieh ametoka. Anapandwa na hasira. Razieh akirudi wanagombana, anamsukuma nje ya mlango. Mimba ya Razieh inaharibika. Mahakamani swali ni moja: Nader alijua kwamba ni mjamzito? Anasema hakujua.

Alijua. Binti anambana nyumbani hadi anakiri. Anamwambia: alijua, ila dakika ile hakuwa analifikiria, na kama binti anataka, yuko tayari kwenda kwa hakimu aseme kweli. Sikilizeni vizuri anachokifanya. Mzigo wake anamtua mtoto. Huyu ni baba yule yule ambaye mapema, kwenye kituo cha mafuta, alimrudisha binti yake akadai chenji aliyozuiliwa, ili ajifunze kusimamia haki yake. Baba wa chenji. Kisha hakimu anamwita Termeh, anamuuliza. Termeh anadanganya kumwokoa baba yake. Ndani ya gari, machozi yanamtoka, na baba anaendesha.

Upande wa pili yupo Razieh. Familia yake inadaiwa kila kona. Fidia imeshakubaliwa, wanaodai wameshafika nyumbani, hundi ziko mezani. Nader anaomba jambo moja: ushike Msahafu uape kwamba ni mimi niliyesababisha. Razieh ana shaka, kwa sababu siku moja kabla ya ule ugomvi aligongwa na gari. Mumewe hajui. Hawezi kuapa. Hela inaondoka, mumewe anachanganyikiwa, naye hawezi. Aliamua lini? Si pale jikoni mumewe akimsihi. Mwanzoni kabisa, siku ya kwanza ya kazi, mzee anajikojolea, na Razieh anapiga simu kuuliza kama dini inamruhusu kumbadilisha nguo mwanamume asiye maharimu wake. Watazamaji wengine hucheka pale. Huo ndio mlango. Mtu anayepiga simu kwa jambo dogo ambalo hakuna angemuuliza, ndiye atakayeshindwa kuapa uongo kwa jambo kubwa.

Kuna mwalimu aliyeniuliza kabla hatujaanza: je, filamu si inatudanganya? Mwongozaji anachagua uso wa kuusogelea, anaweka muziki, na sisi tunamsamehe mwenye sura nzuri. Ni kweli kabisa, na nimewapa mfano wangu wa kile kisu. Dawa yake ninayoijua ni moja: chukua tendo lile lile, mpe mhusika usiyempenda, uone kama bado unalitetea. Fanyeni hivyo na kisu. Fanyeni na uongo wa Termeh: angeusema mtoto wa Razieh, ungeusamehe?

Na walimu mnaotaka kulitumia hili darasani, msionyeshe filamu nzima halafu mkauliza funzo ni nini. Watoto watawapa funzo, wanajua mnachotaka. Simamisheni filamu Bruno anapopewa nauli. Simamisheni mteja wa kwanza wa Dramaan anaposema andika. Kila mmoja aandike kimya kwenye karatasi yake anadhani nini kinafuata, na kwa nini. Karatasi zisisomwe kwa majina. Kisha endeleeni. Mtaona wangapi waliandika "hakuna kitakachotokea, ni viatu tu." Jadilini hao kwanza, kabla ya wale waliopatia.

Mwenyekiti, nimekula dakika tano za maswali, zilizobaki ni za ukumbi. Namwona dada pale kushoto amenyoosha mkono tangu nilipomgusa namba 8. Mpeni kipaza sauti.